Kahawa Iliyopita Kwenye Kichuguu

Benchi letu pale Mbalizi, kwenye njia panda ya kwenda mto Songwe, lilikuwa ubao wa nyuma wa lori lililokatika breki likaishia mtaroni. Mwenye lori alichukua injini yake, sisi tukachukua ubao. Mimi ndiye niliyeuza kahawa hapo. Jina langu la ubatizo ni Yotamu, lakini tangu nianze kutembea na birika watu wananiita Birika, hata mchungaji akitangaza wagonjwa kanisani husema Birika. Wateja wangu wa kudumu walikuwa watatu. Wa kwanza Asukile, tuliyemwita Bama kwa sababu alikwenda vita vya Burma na jeshi la Keya, akarudi na koti zito na maneno mazito kuliko koti. Wa pili Fanueli, mzee wa kanisa, tuliyemwita Wahenga: alikuwa na methali kwa kila jambo na hakuna hata moja iliyokaa mahali pake. Wa tatu Saulo, mkulima wa viazi, mtu wa maneno machache. Siku ninayoisimulia, Julai ya mwaka hamsini na saba, baridi ikiuma mpaka kwenye meno, Saulo hakuwa na neno hata moja, na kahawa ilikuwa inampoa mkononi. Kahawa yangu haimpoi mtu mkononi bila sababu.

— Saulo, unakunywa au unapasha mikono? nikamwuliza.

— Wanataka jibu leo, akasema.

— Nani?

— Kampuni ya mawe. Gari litapita hapa kabla jua halijazama. Wanataka kuchimba shimo shambani kwangu.

— Shimo la choo? akauliza Bama.

— La kuzikia mawe.

Wahenga alicheka mpaka kahawa ikamtoka puani.

— Mawe yanazikwa? Yamekufa lini? Mbona hatukuitwa msibani?

Saulo hakucheka. Akatueleza polepole, kama mtu anayeng'oa mwiba. Kampuni ile ilikuwa imepiga kambi ng'ambo ya mto, kwenye kilima chenye mawe ya ajabu. Mashine yao ikisogezwa karibu na mawe hayo inalia ta-ta-ta, mfano wa maharage makavu yanayomwagika kwenye sinia. Mawe wameyasaga ili wapate madini wanayoyataka. Sasa machicha yake, ule unga uliobaki, nao unailiza mashine, tena kwa nguvu zaidi. Hawataki kuuacha upeperushwe na upepo. Wameujaza kwenye mapipa, wanatafuta mahali pa kuyafukia, na mahali palipowapendeza ni juu kwenye mgongo wa shamba la Saulo. Chini ya mgongo huo ndipo ilipo chemchemi anakochota mkewe Rozalia, pamoja na nusu ya majirani.

— Na wewe unapata nini? nikauliza.

— Bati. Nyumba nzima.

Wakati ule nyumba ya bati haikuwa mchezo. Nyumba ya Saulo ilikuwa ya nyasi kuukuu, na kila masika Rozalia alizunguka usiku kucha na masufuria akikinga matone.

— Nikikataa, akasema Saulo, Rozalia ataendelea kulala na sufuria kifuani. Nikikubali, halafu kile kitu kikatembea mpaka kwenye maji, nitakuwa nimemwua mimi mwenyewe. Ninyi kila siku mnajua kila kitu. Haya, niambieni: kitu kilichofukiwa kinatembea au hakitembei?

Swali kama hilo, pale benchini, ni sawa na kumtupia mbwa mfupa.

— Kinatembea, akasema Bama. Mimi nilikuwa Bama, nayajua mambo haya. Wajapani walipigwa na bomu la kitu hichohicho. Watu walikaa vizuri, wanakula, wanacheka, kumbe kimeshaingia mwilini. Halafu nywele zinatoka, mtu anakwisha.

— Uliwaona? nikamwuliza.

— Tulisikia kwenye meli, tunarudi.

— Meli ilipita Japani?

— Ilipita upande huo.

— Upande huo wa wapi?

— Wa bahari, akasema Bama, akanywa kahawa yake kwa kishindo.

— Hakitembei, akasema Wahenga. Wazee walisema, maji yakimwagika hayazoleki. Maana yake kikishaingia ardhini kimekwisha, kisahauni.

— Methali hiyo haisemi hivyo, Wahenga, nikasema.

— Inasema kuhusu kila kitu kinachoingia ardhini.

Ndipo alipotokea Mashine. Huyu alikuwa Liberatus Kalinga, Mhehe wa Iringa, ndiye aliyekuwa akiibeba ile mashine ya kampuni kifuani na kuisikiliza mlima mzima. Kwa ukoo alikuwa kaka wa Rozalia, mtoto wa baba mdogo, kwa hiyo Saulo alikuwa shemeji yake. Niseme wazi kwamba tulimpenda. Kaptula yake ilinyooka kwa pasi, Kiingereza alikuwa nacho, lakini majivuno hakuwa nayo. Ukimwuliza asichokijua alisema atamwuliza Bwana Nyundo. Bwana Nyundo ndiye mzungu mkubwa wa kambi, na tulimpa jina hilo kwa sababu hakuwahi kupita jiwe bila kuligonga.

— Kamwene, shemeji, akasema Mashine.

— Kamwene. Umetumwa?

— Nimetangulia kwa miguu. Gari linakuja nyuma. Sikutaka uulizwe na mzungu kabla wewe hujaniuliza mimi.

Nikammiminia kahawa bila kuombwa. Mtu anayetanguliza maneno ya namna hiyo anastahili kikombe.

— Basi nakuuliza, akasema Saulo. Kinatembea?

— Kwanza tenganisha mambo mawili, akasema Mashine. Kuna miale, na kuna unga wenyewe. Chukua taa ya chemli. Mwanga wake ukiuwekea ukuta, umekwisha, haupiti. Lakini mafuta yakivuja kwenye taa hiyohiyo, yatapita chini ya mlango, yataingia kwenye mkeka, yatafika kwenye unga wa mahindi, nawe utakula ugali unaonuka mafuta. Miale ya jiwe ni ule mwanga. Udongo wa kutosha unaizuia. Sisi tunachokiogopa ni mafuta. Unga ukilowa, maji yakaubeba.

— Mwe! akasema Wahenga.

— Ndiyo maana Bwana Nyundo hafukii hivihivi tu. Kwanza unga uko ndani ya pipa la chuma.

— Chuma kinaliwa na kutu, akasema Bama.

— Kinaliwa. Ndiyo maana nje ya pipa kuna zege.

— Zege inapasuka.

— Inapasuka. Ndiyo maana nje ya zege kuna udongo wa kichuguu, umepondwa, umeshindiliwa mpaka hauna pa kupitisha pumzi. Na nje ya udongo kuna mwamba wenyewe. Bwana Nyundo anasema hivi: usiamini mlango mmoja. Weka minne, na kila mmoja ujue kabisa kwamba iko siku utafunguka. Lakini isiwe siku moja yote.

Maneno yale yaliniingia moyoni mpaka leo. Wengi nimewaona wakijenga ukuta na kuapa kwamba hautaanguka. Mtu anayejenga ukuta huku akijua utaanguka, na kwa kujua huko akajenga wa pili nyuma yake, huyo ana akili, na sikuona aibu kuisifu akili ya mzungu.

— Udongo wa kichuguu kazi yake ni nini? akauliza Saulo. Kuziba?

— Kuziba, na zaidi. Unakamata. Chukua mtu wa Tukuyu aliyerudi kutoka migodini Afrika Kusini. Anapita kijijini kwao kwenda kwa mama yake. Nyumba ya kwanza: karibu, kaa, kunywa togwa. Atakaa. Akitoka, nyumba ya pili: karibu, ndizi hizi hapa. Atakaa tena. Njia ni ileile, miguu ni ileile, lakini kwa mama yake atafika lini? Unga ukiingia kwenye udongo ndivyo unavyofanywa. Kila chembe ya udongo inauambia karibu.

— Hiyo kweli, akasema Wahenga. Mimi mwenyewe niliwahi kutoka Tukuyu kwenda Masoko, nikalala mara mbili njiani, na ni mwendo wa asubuhi moja.

— Na huku unakaribishwa, akaendelea Mashine, nguvu yake inapungua yenyewe, kidogo kidogo.

— Inakwisha baada ya miaka mingapi? akauliza Wahenga.

— Mingi.

— Kushinda umri wa kanisa letu?

— Kushinda Adamu.

Wahenga akaweka kikombe chini.

— Kabla ya Adamu hakukuwa na miaka, bwana. Nani alikuwa anahesabu?

Mimi nikaona nami nitie langu, maana kahawa ni yangu.

— Mashine, jiwe hilo lilikuwa kilimani siku zote. Mto unapita chini yake, na watu wanakunywa. Mbona hatujafa?

— Birika, ukitumbukiza buni nzima kwenye maji ya moto, utapata nini?

— Maji ya moto.

— Na ukiisaga?

Mimi ndiye msaga kahawa wa Mbalizi yote, na sikuwa nimeliona hilo.

— Kilimani lilikuwa buni, akasema Mashine. Sisi tumelisaga. Sikufichi, shemeji.

Nadhani ni pale Saulo alipokaribia kukubali, kwa sababu tu ya kuambiwa neno ambalo mwingine angelificha. Lakini mkulima ni mkulima.

— Maneno yako mazuri, akasema. Ila mimi naamini ninachokiona. Nionyeshe.

Hapo ndipo kahawa yangu ilipoingia matatani. Mashine alitazama huku na huku, akaona mlangoni kwangu, hatua chache kutoka benchini, chungu cha Marta mke wangu, kile cha kuchujia magadi: chungu chenye matundu kitakoni, kimekalishwa juu ya chungu kingine. Wanawake wa huku hutia majivu humo, wakamimina maji juu yake, na kinachodondoka chini ndiyo magadi ya kulainishia maharage. Marta alikuwa amekiosha na kukianika. Yeye mwenyewe alikuwa sokoni, na laiti angekuwepo, mambo yangekwisha mapema.

Mashine akapanga kokoto kitakoni, juu yake mchanga, kisha akaenda nyuma ya choo akarudi na donge la kichuguu. Akalivunjavunja, akalitia ndani, akalishindilia kwa mchi wa Marta mpaka jasho likamtoka na baridi ile. Kazi aliifanya kwa heshima kana kwamba shimo lenyewe ndilo hilo. Hata Bama, ambaye hushika kazi ya mtu na kuirekebisha, alimshikia tu chungu.

— Sasa nataka kitu cheusi, akasema Mashine, macho yakienda kwenye birika.

— Hapana, nikasema.

— Ni kwa ajili ya maji ya watu, Birika.

— Kuna masizi. Kuna wino pale shuleni.

— Mpe, akasema Saulo.

Na Saulo si mtu wa kuomba. Nikatoa birika, roho ikiniuma.

— Ngojeni kwanza, akasema Bama. Hiyo kahawa ni rangi tu. Wajapani hawakuuawa na rangi. Tieni na kitu kisichoonekana.

Akaingiza mkono kwenye mfuko wa koti, akatoa kifuko cha chumvi, maana tangu vitani haendi mahali bila chumvi. Akatia konzi nzima ndani ya birika langu, akakoroga kwa kijiti.

— Chumvi kwenye kahawa yangu!

— Tulia. Kahawa ndiyo mwili wa jiwe, chumvi ndiyo ukali wake.

— Anasema kweli, akasema Mashine baada ya kufikiri. Tia.

Tukamimina. Kahawa ikasimama juu ya udongo, nyeusi, haiendi popote. Tukainama, tukasikiliza. Hakuna kitu. Na watu wa benchi wakikosa kitu cha kutazama, midomo ndiyo inayofanya kazi.

— Mmemsahau fuko, akasema Bama. Fuko haulizi zege. Atapita pembeni, atatoka na unga kwenye manyoya, utambanika umle na ugali.

— Fuko hachimbi mwamba, akasema Mashine.

— Fuko wa kawaida. Na fuko aliyekwisha kuula huo unga? Unajua atakuwa na meno ya namna gani?

— Atakuwa anang'aa, akasema Wahenga. Basi kumwinda itakuwa rahisi. Ndiyo maana wazee walisema kizuri chajiuza.

— Na tetemeko? nikauliza. Mlima Rungwe ukijikuna, milango yote minne si itafunguka siku moja?

— Hilo Bwana Nyundo analiogopa kweli, akasema Mashine.

— Asiogope, akasema Wahenga. Mimi naona mbali. Chini ya nchi hii yote kuna maji ya moto; kule Songwe si mnayaona yanavyochemka? Basi unga utapikwa humo, utafuata njia za chini kwa chini mpaka Ziwa Nyasa. Samaki wataula. Samaki watakuwa na taa tumboni! Watu wa Kyela watavua usiku bila karabai. Mgeni njoo, mwenyeji apone!

— Kwa hiyo ni baraka?

— Ni baraka kubwa. Ila hao samaki mimi sili.

— Samaki ni mbali, akasema Bama. Tazama mgomba. Mgomba unanyonya kila kitu. Utavuna mkungu unaojiivisha wenyewe kwa moto wa ndani. Ukiuweka uvunguni, nyumba inapata joto usiku kucha, na baridi yote hii ya Mbeya tunaisahau.

— Na nani atalala juu ya kitanda hicho?

— Mama mkwe.

— Nyamazeni, akasema Saulo. Linakuja.

Tone la kwanza lilijaa kwenye tundu, likatetemeka, likaanguka. Mashine akakinga kikombe changu cheupe, kile cha wageni. Tone la pili, la tatu. Yalidondoka pole pole, nasi tumepiga magoti kama watu wa ibada, mpaka kikombe kikapata funda kadhaa. Mashine akakiinua kwenye jua.

Maji meupe. Nilikuwa nimemimina kahawa nyeusi kama kitako cha sufuria, na kilichotoka ungeapa kimechotwa kisimani asubuhi.

— Yesu wangu, akasema Wahenga, akavua kofia.

Bama akasimama wima akakipigia saluti kichuguu. Kikombe kikazunguka, kila mmoja akachungulia, akakigeuza huku na huku, akatikisa kichwa. Udongo wa nyuma ya choo changu, ambao kuku wanaufukua na hakuna anayeuangalia mara mbili, ulikuwa umeishika kahawa nzima na kuimeza! Nilisikia fahari ya ajabu, kana kwamba udongo ule nimeuumba mimi. Hata kinyongo cha kahawa kilinitoka.

Na Saulo alitabasamu. Mara ya kwanza siku ile.

— Nitaanzia chumba cha kulala, akasema. Upande anaolala yeye ndio unaovuja zaidi. Nitamfanyia na mfereji wa kukinga maji ya bati, asiende chemchemini wakati wa mvua.

— Kwa hiyo umekubali? akauliza Mashine.

— Gari likija nitamwambia mzungu wako ndiyo.

Wahenga alikuwa anatafuta methali ya kufungia shauri, tukamwona Rozalia anakuja kutoka kwenye mashine ya kusaga, na unga wake wa mahindi kichwani. Alipofika alitua, akamsalimia Mashine kamwene kaka, Mashine akaitika kamwene dada. Kisha akaona chungu, na midume mizima imekizunguka, akacheka mpaka akajishika kiuno.

— Leo wanaume wanachuja magadi? Marta kawafukuza jikoni au kawaachia jiko?

— Si magadi, mama, akasema Wahenga. Hii ni elimu.

Rozalia akainama, akatazama matone yanavyodondoka.

— Mmeonja? akauliza.

Tukatazamana.

Magadi, mwanamke yeyote wa nchi hii anajua, hayaamuliwi kwa macho. Anayechuja huchovya kidole, hugusa ulimi, ndipo anapojua kama majivu bado yanatoa kitu au yamekwisha nguvu. Hilo ndilo jambo la kwanza msichana anafundishwa akikaa mbele ya chungu hicho. Sisi wanaume tulikuwa tumeyala magadi kwenye maharage maisha yetu yote, na hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuyachuja. Tulikitazama chungu cha ulimi kwa macho.

— Nimeuliza tu, akasema Rozalia. Mmeonja au hamjaonja?

Bama akatazama viatu vyake. Kifuko cha chumvi kilikuwa bado mkononi mwake, na alikifumba polepole kama mtoto aliyekamatwa na sukari.

Saulo alichukua kikombe. Akachovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho. Akampa Mashine.

Nilimtazama Mashine kuliko nilivyowahi kumtazama mtu. Angeweza kusema ni ladha ya udongo. Angeweza kusema chungu kina magadi ya zamani, nasi tungemwamini, maana tulitaka kuamini. Kazi yake ilikuwa kule kambini, na siku ile alikuja kuhakikisha shimo linapatikana. Akanywa funda.

— Chumvi, akasema. Imepita.

— Yote?

— Ukali wake ni uleule. Kahawa imekaribishwa kila nyumba. Chumvi imepita njiani, hakuna aliyeisalimia.

— Na ule unga wenu, shemeji, akasema Saulo, ni kahawa au ni chumvi?

— Sijui. Nadhani ndani yake kuna vitu vingi. Vingine vina tabia ya kahawa, vingine vina tabia ya chumvi.

Honi ikalia. Lendirova ya kampuni ilisimama kando ya benchi, Bwana Nyundo akashuka, magoti yamemwiva kwa baridi, akamsalimia kila mtu jambo. Kabla hajafungua mdomo zaidi Saulo akamkabidhi kikombe kwa mikono miwili. Mzungu akadhani ni ukarimu, akanywa yote kwa mara moja. Uso ukamkunjamana.

— Hii nini?

— Chemchemi yangu ya miaka ijayo, bwana, akasema Saulo.

Mashine akamweleza kwa Kiingereza. Sikuelewa maneno, lakini niliona mkono wake ukionyesha mchanga, udongo, birika langu, kifuko cha Bama, na mwisho ukamwonyesha Rozalia. Hakuficha kitu, hilo lilionekana usoni. Nilitegemea mzungu akasirike. Hakukasirika. Alichuchumaa mbele ya chungu cha Marta, kofia ikamdondoka asiiokote, akakinga tone jingine kwa kidole, akaonja tena, akakaa hapo anawaza.

— Unga wako, bwana, akasema Saulo. Kahawa au chumvi?

— Ingine kama kahawa. Hiyo mimi najua, akasema Bwana Nyundo. Ingine... Akatazama juu, kwenye mgongo wa shamba la Saulo. Mimi hapana jua.

Nimewahudumia wazungu wa serikali, wa misheni na wa mashamba ya kahawa ya Mbozi, na neno lile sikuwahi kulisikia kinywani mwa mmoja wao mbele ya watu weusi. Nilimheshimu kwa neno lile kuliko kwa milango yake minne. Na Mashine nilimheshimu zaidi, maana yeye alilisema kwanza.

— Basi ukijua, njoo, akasema Saulo. Kwa leo shimo hapana.

— Na bati hapana, akasema Bwana Nyundo. Hakulisema kwa ukali. Lilimtoka kwa uzito, na alimtazama Rozalia alipolisema.

— Na bati hapana, akarudia Saulo.

Mashine akaomba aende na chungu, na udongo wake humohumo, ili wakajaribu tena na unga wenyewe huko kambini. Nikampa. Marta nilijua atanitoa roho, lakini nilimpa. Alipanda nyuma ya gari akakipakata magotini kwa mikono yote miwili, gari likashika njia ya Songwe.

— Mama, akasema Wahenga akimgeukia Rozalia, kwa neno moja umeiezua nyumba ya bati. Wazee walisema, mwenda pole hajikwai.

— Nyumba gani?

Saulo akamweleza, kwa maneno machache kama kawaida yake, macho yakiwa chini. Rozalia alisikiliza. Halafu akatazama ng'ambo ya barabara, kwenye duka lenye bati jipya lililokuwa linang'aa na jua la jioni, akalitazama kwa muda. Alilitaka. Mtu yeyote angeona jinsi alivyolitaka.

— Nyasi zikivuja nitakata nyingine niezeke, akasema. Chemchemi ikivuja nitaiezeka na nini?

Birika lilikuwa tupu, sikuwa na hata cha kuwamiminia. Rozalia akajitwika unga wake akashika njia ya kwao, na Saulo akamfuata.